Duke Mkuu mpya, Waziri Mkuu yule yule: nani hasa anaendesha serikali ya Luxembourg?

Swali la msomaji:

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nafanya kazi ya usafi wa ofisi hapa Luxembourg, mwaka wa nne sasa. Wiki tatu zilizopita nilipata barua ya kukataliwa ombi la mume wangu kuja kuishi nami. Binamu yangu aliye Brussels ananishauri nimwandikie Duke Mkuu mpya moja kwa moja, kwa sababu yeye ndiye anayemteua Waziri Mkuu, na sheria haiwi sheria bila sahihi yake. Anasema mtawala mpya hupenda kuanza kwa huruma. Jirani yangu Mreno anacheka, anasema Duke ni pambo tu. Lakini huyo huyo jirani ananiambia kuna Waziri Mkuu aliyekaa miaka 18 na mwingine 27, na kwamba mwaka 2013 chama kilichoshinda uchaguzi kiliondolewa na kasri. Sasa sielewi. Hapa anayetawala ni nani? Hawa mawaziri wakuu hupatikana vipi na huondoka vipi? Nisije nikapoteza muda kupiga hodi mlango usio wenyewe."

Marahaba, dada yangu, na pole sana. Barua ya namna hiyo humnyima mtu usingizi, na ushauri ukija kutoka kila upande mzigo unazidi kuwa mzito. Nitakujibu yote uliyouliza, lakini kwanza naomba uichukue barua hiyo na utazame mambo mawili: tarehe uliyoipokea, na maelezo ya mwishoni kuhusu namna ya kuupinga uamuzi. Kwa kawaida uamuzi wa wizara nchini Luxembourg hupingwa mbele ya mahakama ya masuala ya utawala ndani ya miezi mitatu tangu ulipojulishwa. Wiki tatu zimeshakatika. Muda unao bado, ila si wa kuuchezea.

Sasa nije kwenye kiini. Unataka kujua mamlaka yamekaa wapi, kwa sababu huko ndiko unakotaka kupeleka ombi lako. Binamu yako anaeleza katiba kama ilivyosomeka zamani. Jirani yako anaijua siasa ya leo, lakini mambo ya 2013 ameyasikia nusu. Kila mmoja ana jambo la kweli mkononi, na ndiyo maana wote wawili wamekuchanganya.

Naelewa kwa nini maneno ya binamu yalikuingia. Wewe umekulia Kenya, ambako Rais ni mkuu wa nchi na papo hapo ni mkuu wa serikali. Majirani zenu Watanzania wana Waziri Mkuu, lakini huyo huteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Bunge, na Rais anabaki kuwa kiongozi wa serikali. Mtu aliyezoea hayo akisikia kwamba Duke Mkuu "humteua" Waziri Mkuu, picha inayomjia ni ya bosi na msaidizi wake. Luxembourg kazi hizo mbili zimetenganishwa. Duke Mkuu, mtawala wa kurithi, ambaye sasa ni Guillaume, ni mkuu wa nchi. Mkuu wa serikali ni Waziri Mkuu, na nguvu zake hazitoki kwenye kasri hata kidogo.

Zinatoka kwenye hesabu. Bunge la Luxembourg lina viti 60, na nchi imegawanywa katika majimbo manne ya uchaguzi: Kusini viti 23, Kati 21, Kaskazini 9, Mashariki 7. Anayetaka kuongoza serikali anahitaji wabunge 31 wanaomuunga mkono. Viti hugawanywa kwa uwiano wa kura, kwa hiyo kwa miongo mingi sasa hakuna chama kinachofikisha 31 peke yake. Lazima viwili au vitatu viungane. Huko kwenye maungano ndiko Waziri Mkuu anakozaliwa, na wapiga kura wanalijua hilo tangu wanapoingia kwenye kituo cha kura.

Chukua uchaguzi wa mwisho, wa tarehe 8 Oktoba 2023. Chama cha Kikristo cha Kijamii, CSV, kilipata viti 21. Chama cha Kidemokrasia, DP, 14. Wasoshalisti wa LSAP 11, chama cha kihafidhina cha ADR 5, Chama cha Kijani 4, Chama cha Maharamia 3, na chama cha Mrengo wa Kushoto 2. Muungano wa DP, LSAP na Kijani uliokuwa madarakani haukufikisha tena 31: jumlisha mwenyewe, 14 na 11 na 4 ni 29. Duke Mkuu Henri, aliyekuwa kwenye kiti wakati huo, akamkabidhi Luc Frieden wa CSV kazi ya kuunda serikali. Frieden akazungumza na DP, vyama viwili vikaandika mkataba wa kutawala pamoja, viti 35 kwa jumla, na tarehe 17 Novemba 2023 serikali ikaapishwa. Xavier Bettel wa DP, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu 2013, alibaki ndani ya serikali hiyo hiyo akiwa naibu waziri mkuu na waziri wa mambo ya nje. Kwetu ni nadra kumwona aliyekuwa namba moja akikubali kukaa namba mbili chini ya mshindani wake. Kule ni jambo la kawaida, na mimi naliona ni dalili nzuri ya afya ya siasa yao.

Kwa hiyo ni kweli Duke Mkuu humteua Waziri Mkuu, lakini humteua yule ambaye wabunge wameshamfanya kuwa wa pekee anayewezekana. Sahihi yake huja mwisho wa safari. Na haiji peke yake. Kila waraka rasmi anaoutia sahihi lazima utiwe sahihi pia na mjumbe wa serikali, na huyo wa pili ndiye anayebeba dhima mbele ya Bunge. Mawaziri wakipoteza imani ya wabunge wanaondoka. Tena mbunge akichukua uwaziri anaacha kiti chake, na anayemfuata kwa kura kwenye orodha ya chama chake anaingia bungeni, ili anayesimamia serikali asiwe yule yule anayesimamiwa.

Mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo, na hapa ndipo ile miaka 27 inapoingia.

Luxembourg ilipata mkuu wake wa kwanza wa serikali mwaka 1848, Gaspard de la Fontaine, ambaye hakumaliza hata nusu mwaka. Wakati huo Duke Mkuu alikuwa ni mfalme wa Uholanzi, mtu mmoja akitawala nchi mbili, na serikali ya Luxembourg iliitegemea mno nia yake. Mwaka 1856 Mfalme Willem wa Tatu aliifuta katiba ya 1848 na kuweka nyingine iliyomrudishia mamlaka, kisha mwaka 1868 ikaja katiba ya maridhiano. Katika mazingira hayo Paul Eyschen alishika uongozi mwaka 1888 na hakuuachia hadi alipofariki Oktoba 1915. Watawala wanne walimpitia: Willem wa Tatu, Adolphe, Guillaume wa Nne, na binti wa Guillaume huyo, Marie-Adélaïde. Lakini usimpime Eyschen kwa mizani ya leo. Haki ya kupiga kura wakati huo ilikuwa ya wanaume waliolipa kiwango fulani cha kodi, na vyama vya siasa vya kisasa vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza kusimama. Alidumu kwa sababu alijua kuwapatanisha waheshimiwa wachache na mtawala. Wananchi wengi hawakuulizwa.

Alipofariki, nchi ilikuwa chini ya jeshi la Ujerumani, vita vya kwanza vya dunia vikiendelea, na Marie-Adélaïde alikuwa na umri wa miaka 21. Aliyemrithi Eyschen, Mathias Mongenast, alikaa siku 25 tu. Alitofautiana na mtawala juu ya nani ateuliwe kukiongoza chuo cha ualimu, akajiuzulu. Ndipo Marie-Adélaïde akafanya hasa kile ambacho binamu yako anadhani Duke Mkuu anaweza kukifanya leo: alimteua anayemtaka yeye. Alimchagua Hubert Loutsch, ambaye upande wake ulikuwa wachache bungeni, kisha akalivunja Bunge akitarajia uchaguzi ungempa Loutsch wingi. Uchaguzi ukafanyika Desemba 1915, wingi haukupatikana, na mwanzoni mwa 1916 Bunge likamkataa Loutsch kwa kura ya kutokuwa na imani.

Hilo halikusahauliwa. Vita vilipokwisha, uteuzi ule pamoja na ukaribu wa Marie-Adélaïde na watawala wa Ujerumani wakati wa uvamizi vilimgeuzia watu. Januari 1919 kukawa na jaribio la kutangaza jamhuri, na Marie-Adélaïde akaachia kiti, akimwachia mdogo wake Charlotte. Mei mwaka huo katiba ikarekebishwa: mamlaka yakatamkwa kuwa ni ya taifa, na wanaume kwa wanawake wote wakapewa kura. Septemba 28 wananchi wakaulizwa wanataka nini, na karibu asilimia 78 wakasema Charlotte abaki. Alibaki hadi 1964, akiheshimiwa sana, na sababu mojawapo ya heshima hiyo ni kwamba hakuwachagulia wananchi serikali.

Hapo ndipo uhusiano wa kasri na mkuu wa serikali ulipogeuka. Anayesoma katiba peke yake, bila kuijua miaka minne ile, hawezi kuelewa kwa nini maneno "Duke Mkuu huteua" yamebaki kwenye karatasi ilhali hayampi nafasi ya kuchagua.

Kuhusu sheria kutokuwa sheria bila sahihi yake, hapo binamu yako yuko karibu na ukweli, ila amechelewa kwa miaka kadhaa. Mwaka 2008 Bunge lilikuwa likishughulikia sheria ya kumruhusu mgonjwa asiye na tumaini la kupona kusaidiwa kufa. Duke Mkuu Henri akasema dhamiri yake haimruhusu kuiidhinisha. Waziri Mkuu alikuwa Jean-Claude Juncker, ambaye yeye mwenyewe na chama chake waliipinga sheria hiyo. Angeweza kujificha nyuma ya Duke, naye akapata alichokitaka. Hakufanya hivyo. Aliongoza marekebisho ya katiba ili kibali cha Duke Mkuu kisihitajiwe tena, na Machi 2009 ikawa hivyo: tangu hapo Duke Mkuu huitangaza rasmi sheria iliyopitishwa na Bunge, ndani ya miezi mitatu, basi. Hana la kuongeza wala la kuzuia. Mimi nimefundisha habari za tawala za Ulaya kwa muda mrefu, na tukio hili nalirudia kila mara, kwa sababu mkuu wa serikali alilinda haki ya Bunge kupitisha sheria ambayo yeye hakuitaka.

Katiba iliyofanyiwa marekebisho makubwa na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2023 imekwenda mbele zaidi. Inasema hata kwamba Duke Mkuu asipotimiza kazi zake za kikatiba, Bunge, kwa ombi la serikali, linaweza kumhesabu kuwa ameachia kiti. Kwa hiyo Henri alipomwachia mwanawe Guillaume kiti tarehe 3 Oktoba 2025, na Guillaume akala kiapo mbele ya Bunge ambalo jengo lake limepakana ukuta kwa ukuta na kasri, hakuna waziri hata mmoja aliyebadilika. Luc Frieden aliamka Waziri Mkuu na akalala Waziri Mkuu.

Sasa 2013. Jirani yako anasema chama kilichoshinda kiliondolewa na kasri. Sivyo. Juncker alikuwa Waziri Mkuu tangu Januari 1995. Mwaka 2013 ziliibuka kashfa za idara ya ujasusi, ambayo yeye ndiye aliyekuwa na dhamana ya kuisimamia, na wasoshalisti waliokuwa washirika wake serikalini wakamwacha mkono. Uchaguzi ukafanyika mapema, tarehe 20 Oktoba. CSV ya Juncker bado ilikuwa chama kikubwa kuliko vyote: viti 23. Lakini DP ilikuwa na 13, LSAP 13, na Kijani 6. Jumla 32. Vyama hivyo vitatu viliamua kutawala pamoja. Duke Mkuu Henri alimtuma kwanza Georges Ravarani, jaji, asikilize kila chama kina msimamo gani, na ilipodhihirika wingi uko wapi, akamkabidhi Bettel kazi ya kuunda serikali. Kuwa chama kikubwa na kuwa na wingi ni mambo mawili tofauti, na CSV iliyajua hayo tangu 1974, ilipowekwa nje na muungano wa Gaston Thorn wa DP na wasoshalisti kwa miaka mitano. Kama Henri angemng'ang'ania Juncker mwaka 2013, angekuwa anarudia kosa la 1915.

Na hiyo miaka mingi? Swali lako ni la haki, na sitaki kulipita juu juu. Juncker alikaa karibu miaka 19. Pierre Werner alikaa 15 mfululizo, kisha akarudi kwa mitano. Kuanzia mwisho wa vita vya pili hadi 2013, ukitoa ile miaka mitano ya Thorn, kila mkuu wa serikali alitoka chama kimoja. Hakuna kikomo cha vipindi. Tarehe 7 Juni 2015 wananchi waliulizwa kama waweke kikomo cha miaka kumi mfululizo kwa mjumbe wa serikali, na karibu asilimia 70 wakakataa. Walisema, kwa kura yao, kwamba wakimchoka mtu watamtoa wenyewe.

Na wamewahi kufanya hivyo kwa njia ya kushangaza. Mwaka 1937 Joseph Bech, aliyekuwa ameongoza tangu 1926, alipeleka kwa wananchi sheria ya kupiga marufuku chama cha kikomunisti, sheria ambayo watu waliipa jina la sheria ya kufunga mdomo. Bunge lilikuwa limeshaipitisha. Kwenye kura ya maoni ikaanguka kwa tofauti ndogo mno, wapingaji wakipata asilimia 50 na kidogo. Bech akaachia uongozi wa serikali, Pierre Dupong akaushika. Lakini Bech akabaki waziri wa mambo ya nje, akaenda uhamishoni na serikali ya Dupong Wajerumani walipovamia Mei 1940, akawa miongoni mwa walioijenga Ulaya ya pamoja baada ya vita, na mwaka 1953 Dupong alipofariki akarudi kuwa mkuu wa serikali. Nchi ndogo haina viongozi wa kutupa. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya majina yale yale kurudi rudi, na ndiyo sababu watu watatu waliowahi kuwa mawaziri wakuu wa nchi yenye wakazi wasiofika hata milioni moja, yaani Thorn, Jacques Santer na Juncker, wamekuwa marais wa Tume ya Ulaya.

Hata hivyo sitakwambia kwamba kila kitu ni shwari. Karibu nusu ya wakazi wa Luxembourg ni wageni kama wewe na jirani yako, mnalipa kodi, mnafagia na kujenga, na hamna kura ya kuamua nani awe na wale wabunge 31. Siku ile ile ya Juni 2015 wananchi waliulizwa kama wageni walioishi nchini muda mrefu waruhusiwe kupiga kura ya ubunge, na asilimia 78 hivi wakasema hapana. Kwangu mimi, hilo ndilo pengo kubwa la demokrasia ya Luxembourg, kubwa kuliko urefu wa muda wa Juncker. Kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa mgeni anaweza kujiandikisha na kupiga kura. Na ukifikisha miaka mitano ya makazi halali unaweza kuomba uraia, ukipita mtihani wa lugha ya Kiluxembourg na kozi au mtihani wa maisha ya kijamii. Wewe uko mwaka wa nne. Anza kozi ya lugha sasa.

Nikutahadharishe jambo moja kuhusu binamu yako, maana huenda akakutajia mifano ya kweli kutoka nchi nyingine ndogo zenye watawala wa kurithi. Ungekuwa unaishi Liechtenstein, nisingekujibu hivi. Kule katiba, baada ya kura ya maoni ya 2003, inampa Mwana wa Mfalme (Prince, ndicho cheo cha mtawala wa kule) nguvu ya kuifukuza serikali na kukataa sheria, na mwaka 2012 wananchi walikataa kumpunguzia. Monaco nako, Waziri wa Dola anayeongoza serikali huteuliwa na Mwana wa Mfalme na huwajibika kwake, si kwa wabunge. Ni nchi tatu ndogo, zote zina kasri na zote zina mkuu wa serikali, lakini mamlaka yamekaa pembe tofauti. Ya Monaco usiyalete Luxembourg.

Basi ombi la mume wako lipelekwe wapi?

Kumwandikia Duke Mkuu si kosa na hakuna atakayekuadhibu. Anabakiwa na uwezo wa kusamehe au kupunguza adhabu za mahakama, na hata huo huutumia kwa sahihi ya waziri kando ya yake. Kibali cha makazi hakimo. Kasri litakachoweza kufanya ni kukujibu kwa adabu au kuipeleka barua yako wizarani. Hatari yake ni moja tu, nayo ni kubwa: utakaa ukisubiri jibu, na miezi mitatu itapita.

Kumwandikia Waziri Mkuu nako hakutasaidia sana. Waziri Mkuu wa Luxembourg huongoza kikao cha mawaziri na kuratibu serikali, lakini faili la mume wako liko Wizara ya Mambo ya Ndani, kwenye idara kuu ya uhamiaji, na uamuzi hutolewa kwa mujibu wa sheria ya uhamiaji ya tarehe 29 Agosti 2008. Sheria hiyo inatazama mambo kama mapato ya kudumu, nyumba ya kutosha na bima ya afya. Mapato hulinganishwa na kima cha chini cha mshahara, na hapo ndipo watu wengi wa kazi za usafi hukwama, kwa sababu mikataba yao ni ya saa chache. Tazama kwenye barua sababu waliyoitaja. Kama ni mapato na tangu uombe umeongezewa saa au umepata mwajiri wa pili, una jambo jipya la kuwaambia.

Njia zenye maana ni mbili. Unaweza kuiomba wizara yenyewe iutazame upya uamuzi wake, ukiambatanisha karatasi mpya, nalo ni jambo la kufanya ndani ya ile miezi mitatu. Njia hii haina gharama kubwa na hufaa zaidi pale ambapo faili lilikuwa na upungufu. Au unaweza kwenda mahakama ya masuala ya utawala, ambako majaji huangalia kama waziri amefuata sheria, wasimjali ni wa chama gani. Huko unahitaji wakili. Nadhani katika hali yako wakili ndiye anayepaswa kuamua ipi itangulie au kama zinaweza kufuatana, baada ya kuisoma barua. Mimi sijaiona, na hapa maarifa yangu ya katiba yanafika mwisho wake. Tafadhali usiiamue njia hiyo kwa kusoma majibu yangu tu.

Kipato chako kikiwa kidogo, unaweza kuomba wakili anayelipwa na dola kupitia kwa mkuu wa chama cha mawakili. Katika majengo ya mahakama, Cité judiciaire, mjini Luxembourg, kuna huduma ya maelezo ya kisheria bila malipo kwa wananchi na wageni. ASTI, chama cha kuwasaidia wafanyakazi wahamiaji kilichopo tangu 1979, kimezoea kesi za namna hii, na utasikilizwa bila kuonekana msumbufu. Yupo pia mpokea malalamiko ya umma, ofisi iliyo chini ya Bunge, anayeweza kuiuliza wizara maswali kama unaona hukutendewa haki kiutaratibu. Lakini kumlalamikia yeye hakusimamishi siku za rufaa, kwa hiyo asiwe wa kwanza.

Unapokwenda, beba barua ya kukataliwa pamoja na bahasha yake yenye mhuri wa posta, nakala ya ombi lote mlilopeleka, hati za mshahara za miezi kumi na miwili, mkataba wa kazi, mkataba wa nyumba, na cheti cha ndoa na tafsiri yake. Kama Kifaransa cha kisheria kinakupa taabu, omba mkalimani tangu unapochukua miadi, usingoje siku yenyewe.